Shahada na Spana Ziende Pamoja

Mtu wa Pwani akitaka mwanawe awe fundi wa majahazi, humpeleka kwa fundi. Kijana hushika randa huku akifunzwa vipimo, na elimu haitengwi na kazi. Katika uhandisi wa leo tumevitenga, na hasara yake tunaiona.

Nilipata kupita Kamere, karibu na ziwa Naivasha. Si mbali na hapo ni Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme tangu mwaka 1981. Mtambo wa kwanza ulikuwa wa megawati 15. Leo kuna visima vya kina cha mita 3,000, na maji yake hubeba madini yanayoganda mabombani. Mambo hayo hayamaliziki ubaoni. Ndiyo maana wahandisi wengi wa Kenya, wenye shahada zao tayari, walipelekwa Iceland kwa mafunzo ya miezi sita yaliyoanzishwa huko mwaka 1979.

Uingereza ilianza uanagenzi wa shahada mwaka 2015. Kijana huajiriwa, hulipwa mshahara, na papo hapo husoma chuo kikuu bila kulipa karo. Sisi nasi tuna sheria ya mafunzo ya viwanda, na waajiri hutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Lakini mwanafunzi wetu wa shahada hupata miezi michache tu ya mazoezi, mara nyingi bila malipo.

Mwajiri atauliza: nikimfunza kisha akahama? Jawabu ni mkataba wa miaka inayojulikana, wenye haki pande zote mbili. Naye atapata mhandisi anayeujua mtambo wake kabla ya kuvaa joho. Kijana naye atasoma kwa jasho lake, na mzazi anayechelea mkopo wa riba atapumua.

Jambo hili si geni kwetu. Chuo cha elimu ya Kiislamu cha Mombasa, MIOME, kilifungua milango mwaka 1951 ili vijana wetu wapate ufundi. Tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Bandari iko jirani, na reli iko jirani. Kilichobaki ni wakuu wa chuo na waajiri kukaa meza moja, na sisi wazazi kuacha kudhani kwamba mikono yenye grisi ni ya mtu asiyesoma.