Kengele nyingi si ulinzi wa kiwanda



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kengele za hatari katika viwanda na mitambo yetu. Nimefanya kazi ya kuendesha mitambo kwa miaka 27 na sasa nimestaafu. Haya nisemayo mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasoma katika taarifa za uchunguzi wa ajali zilizotokea nchi za nje.

Nianze na yaliyotokea kwetu. Kiwanda sitakitaja jina, maana nia yangu si kumsuta mtu. Ulipong'olewa ubao wa zamani wa geji na taa, tukaletewa kompyuta, sote tulifurahi. Katika ubao ule kila taa ya hatari ilihitaji waya wake, balbu yake na nafasi yake ukutani, kwa hiyo mhandisi alifikiri mara mbili kabla ya kuiweka. Katika kompyuta kuongeza kengele hakugharimu hata senti moja. Basi kila mtaalamu aliyepita akaongeza zake. Usiku mmoja nilizihesabu kwa kalamu: katika zamu ya saa nane zililia zaidi ya mara 600. Pampu iliyozimwa kwa matengenezo ilipiga kelele kwamba haizunguki. Geji mbovu iliwaka na kuzima usiku kucha.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Nasi tulizoea. Tulibonyeza kitufe cha kunyamazisha bila hata kusoma kilichoandikwa. Siku moja, miongoni mwa zile zilizonyamazishwa, ilikuwemo ya tangi la maji ya moto kujaa. Tangi lilifurika, na kijana aliyekuwa akipita chini yake aliungua mgongo na mikono yote miwili. Alipona, lakini kazini hakurudi tena. Katika taarifa iliandikwa "uzembe wa mwendesha mitambo". Mwendesha mitambo huyo ni mimi. Kosa langu nalikubali mpaka leo. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini kengele moja ya kweli ilifichwa katikati ya mamia ya kengele za uongo. Kengele zile zilibaki vile vile, na aliyekuja zamu baada yangu alizikuta zinalia.

Ndugu wasomaji, wasije wengine wakadhani kwamba haya ni ya nchi changa tu. Tarehe 28 Machi, 1979, saa kumi alfajiri, mtambo wa umeme wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, ulipata hitilafu. Katika dakika chache za mwanzo kengele zaidi ya 100 zililia kwa pamoja. Mashine ya kuchapa orodha ya kengele ilizidiwa, ikawa inachapa habari za zaidi ya saa nzima iliyopita. Valvu moja ilikuwa imekwama wazi, lakini taa iliyokuwa ubaoni ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetumwa. Haikuonyesha kama valvu yenyewe imefunga kweli. Waendesha mitambo waliamini taa ile, na maji ya kupoozea mtambo yakavuja kwa zaidi ya saa mbili. Karibu nusu ya kiini cha mtambo iliyeyuka. Tume iliyoongozwa na John Kemeny ililaumu waendesha mitambo, lakini ililaumu pia mafunzo waliyopewa na jinsi chumba kile kilivyopangwa.

Tarehe 24 Julai, 1994, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Uingereza, ulitokea mlipuko uliojeruhi watu 26. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendesha mitambo wawili waliletewa kengele 275. Hiyo ni kengele moja kila baada ya sekunde mbili au tatu. Ni nani awezaye kusoma, kufikiri na kutenda kwa mwendo huo? Tena zaidi ya asilimia 80 ya kengele zilizowekwa katika mtambo ule zilipewa daraja la juu kabisa la hatari. Kila kitu kikiitwa cha haraka, hakuna tena cha haraka.

Upo pia ubaya wa kinyume, yaani kengele iliyokufa kimya. Tarehe 14 Agosti, 2003, katika jimbo la Ohio, Marekani, programu ya kengele ya kampuni moja ya umeme iligoma muda mfupi baada ya saa nane mchana. Hapakuwa na kengele ya kuwaambia kwamba kengele zimekufa. Kwa zaidi ya saa nzima wahusika walidhani mambo ni shwari, kumbe nyaya kubwa zilikuwa zikigusa miti na kukatika moja baada ya nyingine. Jioni ile watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani.

Kutokana na mikasa ya namna hii, mwaka 1999 chama kimoja cha Uingereza kiitwacho EEMUA kilitoa mwongozo namba 191, na baadaye ikafuata kanuni ya kimataifa. Maneno yake si magumu. Kengele ni wito wa kutenda. Ikiwa mwendesha mitambo hana la kufanya anapoisikia, basi hiyo si kengele, ni habari tu, na iandikwe mahali pengine. Katika hali ya kawaida wastani usizidi kengele moja kila dakika kumi. Kwa zamu ya saa nane ni kengele 48. Linganisheni na 600 zangu! Daraja la juu lipewe asilimia tano tu ya kengele zote.

Najua wapo wakubwa watakaosema kwamba ni heri kengele kuzidi kuliko kupungua, na kwamba mtu akiiondoa moja kisha ajali ikatokea, yeye ndiye atakayeshitakiwa. Hofu hiyo naielewa, na ndiyo iliyotufikisha hapa. Kila mmoja anaweka kengele ili kujikinga yeye, na mzigo wote unamwangukia mtu mmoja aliyeketi mbele ya kioo saa tisa za usiku. Kengele ya namna hiyo humlinda aliyeiweka, haimlindi anayepita chini ya tangi.

Leo nchi yetu inajenga mambo makubwa. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay inasukumwa kwa mabomba mpaka Dar es Salaam. Mitambo hii yote huongozwa kwa kompyuta, na vijana wetu ndio wanaokaa mbele yake. Sisemi kwamba huko kuna kasoro. Nasema tusingoje kasoro.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Kwanza, kila kiwanda kihesabu kengele zake kila mwezi, na hesabu hiyo isomwe na meneja mwenyewe. Pili, kengele kumi zinazolia kuliko zote zirekebishwe kwanza, maana mara nyingi hizo chache ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya kelele. Tatu, mtu asiongeze wala kuzima kengele bila kuandika sababu, na iliyozimwa kwa muda ikabidhiwe kwa maandishi zamu kwa zamu. Nne, mwendesha mitambo aketi katika kikao kinachopanga kengele hizo, kwa sababu yeye ndiye atakayeamshwa nazo. Wakaguzi wa usalama kazini nao, wanapofika kiwandani, wasitazame kofia na viatu tu. Waingie chumba cha kuongozea mitambo, wakae kimya nusu saa, wasikilize.

Mapendekezo haya hayahitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji kalamu, daftari na uongozi unaokubali kusikia. Kijana yule aliyeungua hukutana naye sokoni mara kwa mara, nasi husalimiana vizuri. Hajapata kuniuliza kitu. Lakini kila nimwonapo najiuliza ni wangapi wengine wanapita chini ya matangi, na juu yao kengele inalia bila mtu kuisikia.

Mwendesha Mitambo Mstaafu,
Tanga.