Mwili Hauachwi Mlangoni

Shoga zangu, kila inapotajwa sanaa ya uhalisia pepe utasikia maneno yale yale: vaa miwani, uuache mwili wako, uingie dunia nyengine. Mie siyakubali. Mwili umesimama pale pale ukumbini, macho yamefunikwa, mtu usiyemjua anakukaza mkanda juu ya ushungi, na watu wanakutazama ukipapasa hewa. Tena jicho likiona unatembea, na sikio la ndani, lenye kutunza mizani, likijua umesimama, kinachofuata ni kizunguzungu na kichefuchefu. Huo mwili uliouacha ndio unakuita.

Wasanii wenye akili wanalijua hili. Mwaka 1995 Char Davies aliifanya kazi yake, Osmose, iendeshwe kwa pumzi: ukivuta unapanda, ukitoa unashuka. Katika Carne y Arena ya 2017, juu ya wahamiaji wa mpakani mwa Mexico na Marekani, Alejandro González Iñárritu aliwavua watazamaji viatu wakakanyaga mchanga wa kweli. Vizuri. Lakini dakika chache hazikufanyi mhamiaji. Viatu vyako unarudishiwa.

Sasa chukulieni mtu atuletee Milima ya Upare ndani ya miwani hiyo. Picha zitapendeza, sikatai. Ila kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400, hujulikana kwa magoti: unatoka Same kwenye jua na vumbi, unapanda hadi msitu wa Chome, kwenye ukungu, unatafuta sweta. Na historia ya huko ni ya miguu. Wakoloni walipoleta kodi ya mbiru, mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walikwenda kukaa Same kuipinga. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaandamana kwa miguu, wakitaka majibu kwa wakubwa wa serikali. Kodi ile ikaja kufutwa. Nioneshe maandamano hayo nikiwa kitini, nitashukuru, pengine nitalia. Usiniambie tu kwamba nimeandamana nao.

Kwa hivyo anayetaka kutuletea sanaa hii visiwani aje na kiti, pazia na mwanamke wa kutuvisha. Atuambie kabla tutaoneshwa nini, na mjamzito au mwenye kipandauso aulizwe kwanza. Akiona hayo ni usumbufu, jamani, asitualike.