Subira ya Mashabiki Ina Kikomo

Mashabiki wa Nzoia Sugar wamevumilia mengi katika uwanja wa Sudi, Bungoma. Klabu hiyo iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2017 iliteremshwa mwaka 2024. Kisingizio cha uhaba wa vipaji hakikubaliki: jirani tu, mjini Kitale, wavulana wa St. Anthony's wamewahi kutwaa ubingwa wa taifa wa kandanda ya shule za sekondari. Kasoro kubwa ni kukitegemea kiwanda kimoja cha sukari, nacho kililemewa na madeni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wasimamizi hawana budi kutafuta wafadhili wengine na kuwalea vijana hao tangu shuleni. La sivyo, mwalimu atamjibu nini mwanafunzi anayeuliza mpira utamfikisha wapi?