Mchezo Uwe Sehemu ya Tiba

Tangu mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili, hapa Upanga, imekuwa ikiwapandikiza watoto wasiosikia vifaa vya kusaidia kusikia, huduma ambayo awali wagonjwa walipelekwa India kuifuata. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo, kifaa hicho huishia kupeleka sauti kwenye neva ya usikivu. Hakimfundishi mtoto maana yake. Maana huja kwa kuzungumzishwa, na kwa mtoto mdogo mazungumzo ya kwanza ni mchezo.

Mama anapojifunika kanga usoni kisha akajifunua, mtoto hujifunza kutazama, kungoja na kuitikia. Mzazi anayeuza mboga Kariakoo huku mwanawe yu pembeni aweza kuficha nyanya chini ya kikombe na kumuuliza iko wapi. Aliyekua kidogo ategewe vitendawili: hawezi kuitikia "tega" kabla hajasikia "kitendawili", na hivyo ndivyo zamu ya kusema inavyofundishwa. Michezo hii haihitaji fedha, bali mtu mzima anayemtazama mtoto na kumpa muda wa kujibu. Runinga na simu hazingoji jibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto asiyetimiza miaka 2 asiachiwe kutazama skrini.

Kwa hiyo natoa rai kwa watoa huduma wenzangu: mzazi asiondoke kliniki na kifaa na tarehe ya kurudi pekee. Aondoke pia na mchezo mmoja aliouona na kuujaribu mbele yetu, na akirudi tumuulize umefikia wapi. Wapo watakaosema foleni ni ndefu. Ni kweli, lakini dakika tano za kumwonyesha mzazi huzaa saa nyingi za mazoezi nyumbani, ambazo hakuna mtaalamu awezaye kuzitoa.

Nanyi wazazi, mchezo hauchukui nafasi ya kipimo. Mtoto asiyegeukia sauti, au aliyetimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, apelekwe kupimwa usikivu. Msikubali kutulizwa kwa kauli ya "atasema tu". Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hupokea lugha kwa wepesi zaidi, iwe ya sauti au ya alama, na ikipita hairudi.