Nyapara Yuko Wapi?

Fundi wa Ngoingwa akiulizwa jiwe zuri la kujengea, hakawii kutaja Ndarugo. Mawe hayo hutoka machimboni upande wa Juja na huja kwa lori, yameshachongwa. Aliyeyachonga hatajwi. Nyumba ikiisha, ukutani sebuleni hutundikwa picha ya simba, au ya mama aliyebeba kuni jua likizama.

Gustave Courbet alimpa mtu wa mawe ukuta. Mwaka 1849 Mfaransa huyo alichora wawili wakiponda kokoto kando ya barabara: mzee aliyepiga goti, uso umefichwa na kofia, na kijana wa shati lililoraruka, ametupa kisogo. Turubai lilipita mita 2.5 kwa upana, na wakubwa wa sanaa wa Paris waliona ukubwa wa namna hiyo ni haki ya wafalme, watakatifu na vita. Kelele zikapigwa. (Picha yenyewe iliteketea vitani mwaka 1945, karibu na Dresden.)

Jean-François Millet naye, mwaka 1857, alichora wanawake watatu wameinama wakiokota masazo ya ngano. Wengi hukumbuka migongo yao tu. Tazama kulia, mbali kabisa: yuko mtu juu ya farasi, na karibu naye mavuno yamerundikwa kama vilima. Huyo ni nyapara. Aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa ya Thika au Ruiru hahitaji kuelezwa kazi yake.

Hoja ya toleo hili ni kwamba picha nyingi za "maisha yetu" zinazouzwa Nairobi zimemfuta nyapara. Kuni zipo, uzito haupo. Soko lipo, bei haipo.

Si wachoraji wote waliokubali hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kanisani Murang'a Yesu Mwafrika katikati ya vilima vya Wagikuyu, ndani ya jengo la kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Sane Wadu, mzaliwa wa humu humu Kiambu, aliacha ualimu ili achore. Watu wakamwita mwendawazimu, naye kutokana na tusi hilo akajiundia jina la Sane, yaani mwenye akili timamu.

Watakuwepo wa kusema mchoraji naye anakula, na mtalii ndiye mwenye pesa. Ni kweli. Ndiyo sababu makala ya kwanza humu inawahusu wanunuzi.