Picha ya Sinema na Swali la Bibi



Juma hili sitazungumza nawe juu ya vyeti vya ubatizo vinavyoliwa na mchwa. Nataka tuzungumze juu ya picha ya sinema, na juu ya kosa langu mwenyewe.

Jumamosi moja, baada ya zoezi la kwaya, vijana wa usharika walitundika shuka jeupe ukutani, tukatazama picha. Niliyeichagua ni mimi. Jina lake ni The African Queen, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, na wachezaji wake wakubwa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Nilisema moyoni: ina ziwa, ina meli, ina misionari, na habari yake ni ya nchi yetu wakati wa Wajerumani, mwaka 1914. Watu wa Matema watake nini zaidi?

Picha inaanza kanisani. Misionari Mwingereza na dada yake wanaimbisha wimbo, na wenyeji wanatoa sauti kama ng'ombe waliokosa maji. Sauti ya kwanza wetu walicheka hata benchi likapinduka. Mimi sijapata kuona usharika wa Kiafrika ulioshindwa kuimba kiasi kile, hata wakati wa njaa.

Kisha askari wa Kijerumani wanafika, wanachoma kijiji, wanawaswaga watu wote na kuondoka nao. Misionari anafadhaika, anaugua, anakufa. Wanabaki Wazungu wawili, yule dada na nahodha wa mashua chakavu. Wanateremka mtoni, wanavuka maporomoko, wanatengeneza mabomu kwa mikono yao, na mwisho meli kubwa ya Wajerumani inazama ziwani. Waafrika hatuwaoni tena, isipokuwa askari wachache wanaofyatua bunduki. Vijana walipiga makofi. Na mimi nilipiga, sitakuficha.

Miongoni mwetu alikuwako bibi mmoja, mfinyanzi wa Ikombe, aliyelala kwa jamaa zake baada ya gulio la vyungu pale Lyulilo. Taa zilipowashwa akaniita, "Mwalimu." Huniita hivyo kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu ni ukarani. "Mwalimu, wale watu waliochukuliwa pale mwanzo, walirudi?"

Nikamjibu kwamba picha haisemi.

"Basi haijaisha," akasema, akajifunga kanga yake akaenda kulala.

Neno lile lilininyima usingizi, nikaanza kusoma habari za kweli za vita ile. Picha ilitokana na kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, na mambo yanayofanana nayo yalitendeka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Fungurume katika Kongo. Hapo reli ikaachwa, na milima ya Mitumba ikawa mbele yao. Unadhani mashua zilipitaje? Watu wengi sana wa nchi ile walikata miti, wakafungua njia na kujenga madaraja, ili magari ya mvuke na ng'ombe wazivute. Magari yale yalikunywa maji kupita kiasi, na mahali pakavu wanawake waliitwa wayalete kwa vyungu kichwani. Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yule na vyungu vyake.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa Hedwig von Wissmann. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, hakuna shujaa aliyeizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma mwezi wa Julai 1916 wasiiache mikononi mwa adui. Ikaja kuinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Hata ziwa letu la Nyasa halikukosa habari yake. Tarehe 13 Agosti 1914 Gwendolen ya Waingereza iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ukingoni kwa matengenezo, kule Liuli, ufuko huu huu wetu, kusini.

Lakini swali la bibi lilihusu watu, si meli. Upande wa Waingereza peke yake waliandikwa wapagazi wapatao milioni moja katika vita ile ya Afrika Mashariki. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Wanahistoria huhesabu waliokufa kuwa 90,000 au zaidi, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kibaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Msomaji wangu, mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika jina la kila mtoto anayeletwa kanisani, hata akifa siku ya pili. Hesabu hiyo niliisoma mara tatu.

Sasa nije kwenye kosa. Nilikuwa nimewaandikia vijana igizo la siku ya misioni, juu ya watumishi wa Berlin waliofika mwisho huu wa ziwa mwaka 1891. Usiku ule nikalitoa sandukuni nikalisoma upya. Misionari anashuka katika chombo. Watu wamelala chini, wagonjwa, wanalia gizani. Yeye anainua taa, wanasimama. Kurasa kumi na mbili, na hakuna mwenyeji mwenye jina! Nilikuwa nimeandika sinema ile ile kabla sijaiona, na hakuna Mzungu aliyeniagiza.

Sisemi kwamba wale watu hawakufanya kitu. Waliacha kwao, na wengine walizikwa huku. Aliyepata kutibiwa katika hospitali ya misioni hawezi kuwabeza. Lakini masanduku yao hayakupanda mlima peke yake. Kinyakyusa hawakukiota ndotoni. Kuna watu waliokaa nao siku baada ya siku, wakiwasahihisha na bila shaka wakiwacheka. Tena picha ile inafikiri kwamba misionari akifa, kanisa limekuwa majivu. Kwetu iliyoonekana ni habari nyingine. Mwaka 1916 Wajerumani waliondolewa katika nchi hii, nao hawakuruhusiwa kurudi hata katikati ya miaka ya 1920. Aliyerudi alikuta sharika zinasali, zikiongozwa na wazee na walimu wenyeji. Hapo pana igizo zuri kuliko langu.

Basi nimeliandika upya. Sasa linaanza na wapagazi wanne wakigombana juu ya sanduku zito, halafu yupo mzee anayemfundisha mgeni kusalimu, na mgeni anakosea. Sehemu ya mwisho ni ya mwaka 1916, na misionari hayumo kabisa. Kijana aliyechaguliwa kuwa misionari amenilalamikia kwamba maneno yake yamebaki machache, na kofia alikwisha kuazima. Wengine nao wananiuliza wapagazi wapewe majina gani, maana hayakuandikwa popote. Nimewaambia kila mmoja akaulize kwao nyumbani jina la babu wa babu yake. Wawili wamekwisha rudi na majina, na mmoja kaja na habari ndefu ambayo baba yake hakuwahi kumsimulia.

Tunahitaji vyungu vitano vya kutumia jukwaani. Bibi wa Ikombe ameahidi kuvileta Jumamosi kwa mtumbwi, na amesema kimoja kikivunjika, karani atalipa.