Kongamano la vichwa vikubwa: si posho tu, jamani!

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya wivu na nyumba ndogo. Nataka tuongee juu ya mtoto mwenye kichwa kikubwa, na wale madaktari wanaokutana mahotelini kwa ajili yake.

Najua wengi wetu tukisikia neno "kongamano" tunacheka. Tunaona suti, chupa za maji mezani, begi la bure na bahasha ya posho. Leo nawatetea kidogo, halafu nitawabana.

Kwanza tuelewane. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu kuna vyumba vinne vyenye maji. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita ya maji hayo kila siku, na ya zamani hurudi kwenye damu. Njia ikiziba, maji yanajaa na kuukandamiza ubongo. Fuvu la mtoto mchanga halijafunga, ndiyo maana kichwa kinakua ovyo. Wataalamu wanaita haidrosefalasi. Mtaani tunaita mkosi, jini, ama "mama yake alitoka nje akiwa na mimba".

Uongo mtupu! Kwenye hospitali ya watoto ya Mbale, Uganda, madaktari waliwachunguza wagonjwa wao wakakuta zaidi ya nusu walipata tatizo hili kwa sababu ya maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mwaka 2020 watafiti wakatangaza kuwa wamemkuta mdudu mmojawapo kwenye maji ya vichwa vya watoto wa hukohuko, bakteria aitwaye Paenibacillus. Sasa niambie, hapo mama kakosa nini?

Tiba ya siku nyingi ni kuweka mpira mwembamba chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani kuyapeleka tumboni. Na aliyeufanya mpira huo uaminike hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa Philadelphia, Marekani, John Holter. Mwanawe Casey alizaliwa na maradhi haya mwaka 1955. Mzee mzima hakukimbia. Aliingia kwenye karakana, akahangaika na vipande vya mpira mpaka akapata vali ya silikoni, na mwaka 1956 ikaanza kutumika. Kina baba mnaofungasha virago mtoto akizaliwa hivyo, mnamsikia mwenzenu?

Sasa tuje kwenye makongamano. Mwaka 2005 wataalamu walikutana Bethesda, Marekani, wakaambiana ukweli mchungu: karibu nusu ya mipira ile inaharibika ndani ya miaka miwili. Marekani mpira ukiziba, unapiga simu gari la wagonjwa linakuja. Kijijini kwetu ukiziba, ndio kwanza mnaanza kutafuta nauli. Mtoto anaweza kufa kabla basi halijatoka stendi.

Mwaka huohuo, Dk. Benjamin Warf, Mmarekani aliyekuwa anafanya kazi pale Mbale, alitoa matokeo ya njia nyingine. Unaingizwa mrija wenye kamera ndani ya ubongo, unatobolewa mlango mpya wa maji, halafu ile nyama inayotengeneza maji inachomwa ipungue. Hakuna mpira wa kuziba. Haimfai kila mtoto, lakini mwaka 2017 yalitoka matokeo ya kulinganisha watoto 100 wa Uganda. Baada ya mwaka mmoja, akili za waliopasuliwa hivyo na za waliowekewa mpira hazikupishana kwa maana. Leo njia hiyo ya Mbale inatumika mpaka Marekani. Umeona? Safari hii mwalimu katoka kwetu.

Haya, sasa nawabana. Kule Marekani kuna chama, Hydrocephalus Association, kilichoanzishwa na wazazi mwaka 1983. Kwenye mikutano yake mzazi, mgonjwa na daktari bingwa wanakaa ukumbi mmoja, wanaulizana. Kwetu je? Mnaongea Kiingereza kitupu, na mama aliyembeba mtoto huyo kutoka Kahama hajui kama mlikutana. Mwiteni! Mpeni nauli na kipaza sauti, aseme kwa Kiswahili kwa nini alichelewa: labda mganga alimla hela, labda mume alimzuia. Hiyo nayo ni taarifa ya utafiti.

Na maazimio yasibaki kwenye makabrasha. Mwezi Mei 2023, mkutano mkuu wa afya wa dunia kule Geneva ulipitisha azimio la kuweka virutubisho kwenye vyakula, ikiwemo asidi ya foliki, ili kupunguza mgongo wazi, tatizo ambalo mara nyingi huja pamoja na kichwa kikubwa. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengine hata hamjui kama mna mimba! Ndiyo maana vidonge vinatakiwa kabla. Na unga wa mashine ya mtaani kwetu mara nyingi hauna kitu hicho.

Dada yangu, kama una kichanga, kliniki waambie wampime kichwa kwa tepu, isiwe uzito tu. Ukiona kichwa kinakua haraka, utosi umevimba, mtoto anatapika, au macho yanatazama chini kama jua linalozama, usingoje arobaini. Kimbia hospitali siku hiyohiyo. Kila wiki unayomficha ndani kwa aibu, ubongo unakandamizwa, na ukishaharibika hakuna kongamano litakaloweza kuurudisha.

Na wewe jirani, ukimwona mama huyo, acha kunong'ona. Mchangie nauli.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.